Vipimo vya Nyachwo

Sista Asekenye aliirudisha sare yake.
Hakuitupa mezani. Aliikunja, akailaza juu ya cherehani
kama mtu anayelaza mtoto wa mwenzake.
"Fundi," akasema, "nguo nzuri hii.
Ila mwenyewe si mimi."

Nikachukua utepe. Mabega, inchi kumi na tano.
Kiuno, ishirini na tisa.
Daftarini nilikuwa nimeandika vya kwake,
kwa mwandiko wangu, wino wangu:
kumi na saba, thelathini na nane.
Mkasi haukusoma.

Wala haikuwa ya kwanza.
Gauni la mke wa katekista,
sketi mbili za binti wa benki,
zote ziligoma kuwaingia wenyewe,
nami nikalaumu kitambaa,
nikaapa vya siku hizi vinasinyaa hata kabla ya maji.
Miezi minne tangu tumlaze Nyachwo kule Nagongera
nimekuwa nikimshonea.

"Kuna mama hospitalini," Sista akasema,
"chumba cha mwisho, nyuma ya maabara.
Kazi yake kusikiliza."
Nikacheka. Kusikiliza nako kazi?
"Alhamisi," akasema. Pesa yake hakuidai.

Alhamisi sikwenda.
Alhamisi ya pili nilifika langoni,
nikanunua karanga, nikarudi nikizitafuna.
Maana foleni ni ile ile ya watu wa dawa,
na macho ya Tororo hayana pazia:
kabla sijafika nyumbani
ningekuwa nimeshaugua, nimeshakonda, nimeshagawa cherehani.

Ya tatu nilikwenda mvua ikinyesha, watu wachache.

Bi Nambozo, mtu wa Mbale,
Kiswahili chake cha kambini;
baba yake, alinieleza baadaye, alipiga tarumbeta jeshini.
Nilikuwa nimejiandaa kwa "pole".
Ya pole ninayo majibu, nimeyavaa hadi yametoboka viwiko:
Ndiyo hivyo. Mungu ndiye ajuaye. Tumeshapoa.
Hakusema pole.
Aliuliza, "Mama huyo alipenda kuvaa nini?"

Nikatazama dirishani. Mwamba ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni.
Kwenye bati matone yalikimbizana.
Sijui nilikaa muda gani.
Hakukohoa, hakutazama saa.

Kijani, nikasema.
Kila Desemba nilimpima.
Kila Desemba wateja walijaa, naye akasema,
wamalizie hao kwanza, mimi si ninalala hapa hapa.
Desemba kumi na tisa.
Lipo gauni moja kapuni, la kijani, lina mkono mmoja.
Tulimzika na la kununua dukani.
Mabega yake yalimzidi.
Nilisimama pale, mimi fundi,
nikaona yanamzidi, na jeneza likafungwa.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa,
ndipo wa mbali wakaingia.
Kwetu walianza wa mbali.
Mimi nilikuwa nahesabu viti vya kukodi,
nabishana na mwenye turubai juu ya elfu ishirini.
Basi kilio changu kilinisubiri huko,
nyuma ya maabara, kwenye kiti cha plastiki chenye ufa
kilichonifinya paja kila nilipoinama.

Bi Nambozo hakunizuia.
Alisogeza kiti chake kidogo tu,
kama mtu anayempisha mgeni mlangoni.

Nimerudi mara tano. Sijapona; sijui hata kama ni ugonjwa.
Alhamisi hii kasema nije na gauni.
Nimelitia kwenye mfuko wa kaki.
Sijui kama nitalitoa.

Leo asubuhi Sista Asekenye kapita, nimpime upya.
Utepe ukanitetemeka begani pake.
"Kumi na saba," nikasema kwa sauti.
"Kumi na saba," akaitikia, kama tuko kanisani.
Nikaandika.
Nikasoma nilichoandika.
Nikaomba nimpime tena.